Oili nzito haitazuia pikipiki kuinama: kubadilisha oili ya shokapu za mbele

"Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya Kijapani ya silinda nne, ya mwaka 1976, yenye breki ya diski moja upande wa kushoto. Aliyeniuzia alikuwa ameiweka stoo miaka mingi, na hajui kama oili ya shokapu za mbele iliwahi kubadilishwa. Nikishika breki ya mbele inainama mno, na nikipita kwenye shimo inagonga 'ko!'. Kwenye bomba la shokapu ya kulia kuna alama ya oili iliyozunguka. Rafiki yangu ananiambia nimwage iliyomo niweke oili ya injini namba 40 ili shokapu iwe ngumu; mwingine anasema niweke ATF, ile oili ya gia za otomatiki. Kitabu cha pikipiki kinataja vipimo viwili vya oili kwa kila shokapu, na sijui nifuate kipi. Je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe bila kufungua gurudumu, na je, itamaliza tatizo?"

Ndugu yangu, kazi hiyo unaiweza, na gurudumu litabaki mahali pake. Swali gumu ni lako la mwisho. Oili mpya itakupa shokapu inayotulia barabarani badala ya kudundadunda, na huenda ikapunguza huo mlio. Kuinama kwenye breki ni jambo jingine, na hapo rafiki yako wa namba 40 anakupeleka pabaya, ingawa ushauri kama wake utausikia kwenye gereji nyingi.

Tuanze na kilichomo ndani. Kila mguu wa shokapu una springi na oili, na kila kimoja kina kazi yake. Springi ndiyo inayobeba uzito wa pikipiki na wa kwako. Oili haibebi kitu. Ukiimwaga yote pikipiki ikiwa imesimama, itabaki karibu na urefu uleule. Tofauti utaiona ukianza kwenda, maana springi isiyo na oili ikishabanwa hurudi kwa kishindo, hupitiliza, hushuka tena, na gurudumu linaruka badala ya kushika barabara. Pikipiki nyingi za zamani zaidi zilituliza springi kwa diski za msuguano ambazo mwendeshaji alizikaza kwa mkono. BMW walipotoa R12 na R17 mwaka 1935, hizo ndizo zilizokuwa pikipiki za kwanza za kiwandani zenye shokapu ya mabomba inayotulizwa kwa oili, na kwa asili yake ndiyo shokapu uliyonayo wewe.

Oili hutuliza kwa kulazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Chukua bomba la sindano, toa sindano, vuta maji, kisha sukuma taratibu: yanatoka bila ubishi. Sukuma kwa ghafla, na kidole kinakutana na ukuta. Maji ni yaleyale, tundu ni lilelile, kilichobadilika ni kasi. Kwenye tundu la aina hiyo kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani hupanda karibu mara nne.

Ndani ya shokapu yako, lile bomba la juu lenye kromu linaingia ndani ya bomba la chini lililoshika gurudumu. Kwenye kitako cha bomba la chini kumesimamishwa bomba jingine jembamba, limefungwa kwa bolti moja inayoingilia chini kabisa, nalo lina matundu. Yale ya chini ni makubwa kiasi, na hayo ndiyo oili inayapitia gurudumu linapopanda. La juu ni dogo, na gurudumu linaporudi chini oili iliyokwama juu inalazimika kupenya hapo. Ndiyo maana shokapu nzima ukiibonyeza inashuka kwa urahisi lakini inarudi kwa mpole. Kama yako ikibonyezwa inaruka juu na kutikisika mara mbili tatu kabla ya kutulia, oili imeisha nguvu au imepungua.

Sasa fikiria kinachotokea ukishika breki. Uzito unahamia mbele, na unabaki mbele muda wote ulioshika breki, sekunde mbili, tatu, nne. Huo ni mwendo wa polepole na wa muda mrefu. Oili iwe nyembamba au nzito, itapenya tu kwenye yale matundu, na shokapu itashuka mpaka pale springi itakaposema basi. Oili nzito inachelewesha safari. Mwisho wa safari haiuhamishi. Shimo ni kinyume chake: gurudumu linatakiwa kupanda kwa ghafla, kufumba na kufumbua, na hapo ndipo ule ukinzani wa mara nne unapokukuta. Ukiweka oili nzito, breki itainamisha pikipiki kwa kuchelewa kidogo, nawe utajisifu kwamba umetatua, halafu kila ukingo wa lami utakupiga viganjani kama vile hakuna shokapu kabisa.

Kuna ubaya mwingine ambao wengi hawauhusishi na oili. Kwenye barabara yenye matuta madogo yanayofuatana, shokapu yenye oili nzito ikibonyezwa na tuta la kwanza haiwahi kurudi kabla ya tuta la pili. Inabonyezwa tena ikiwa bado fupi, na tena, mpaka baada ya mita chache unaendesha pikipiki iliyokwama chini. Mwendeshaji anahisi imekuwa ngumu, anadhani springi ni kali mno, anatafuta springi laini. Nimeona watu wakizunguka mzunguko huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Hizo namba za kwenye makopo nazo zinapotosha. Kinachohesabika ni mnato wenyewe, unaopimwa kwa sentistoki, na kwa shokapu kipimo cha maana ni kile cha nyuzi 40 za Selisiasi, kwa sababu shokapu haipati moto wa injini. Namba ya oili ya injini, kama hiyo 40, imewekwa kwa kupima oili ikiwa na nyuzi 100. Kwa nyuzi 40, oili ya injini namba 40 ina mnato wa sentistoki kama 130 hadi 150. ATF ya kiwango cha Dexron III ina karibu 35. Maana yake rafiki yako anakushauri uweke kitu kizito karibu mara nne kuliko kile ambacho rafiki wa pili amekitaja. Na usidanganywe na herufi W: "10W" ya oili ya shokapu na "10W" iliyomo kwenye 10W-40 ya injini ni vitu viwili tofauti, hiyo ya injini ikiwa nzito zaidi ya mara mbili. Hata oili za shokapu zenyewe, kopo la 10W la kampuni moja linaweza kupishana na la kampuni nyingine kwa theluthi au zaidi. Ukipata unayoipenda, ikatae nyingine hata kama namba ni ileile, au angalau soma sentistoki zake nyuma ya kopo.

Kwa hiyo ATF? Ndiyo, na si ujanja wa mtaani. Honda waliiandika kwenye vitabu vya pikipiki zao nyingi za miaka ya 1970, na matundu ya shokapu hizo yalipimwa kwa kuilenga. Ina dawa ya kuzuia povu na mnato wake haubadilikibadiliki ovyo. Povu ndilo adui usiyemwona: oili ikichanganyika na hewa, viputo vinabanwa badala ya oili kusukumwa kwenye tundu, na baada ya kilomita chache za barabara mbovu shokapu inakuwa kama haina kitu. Tahadhari moja tu: ATF nyingi za kisasa zimetengenezwa nyembamba zaidi, hivyo tafuta iliyoandikwa kukidhi Dexron III. Mimi kwa pikipiki kama yako ningeanza na oili ya shokapu ya 10W yenye sentistoki 32 hadi 37, kwa sababu inapatikana ikiwa na kipimo kilichoandikwa wazi, lakini nikiikosa nisingelala macho kwa kutumia ATF. Kama kitabu chako kimetaja oili ya injini ya 10W-30, kama vingine vya zama hizo vilivyofanya, hiyo nayo utaitumia bila dhambi. Oili ya breki usiiguse kabisa kwa kazi hii. Inavuta unyevu, inaharibu sili (mipira inayozuia oili isivuje) ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake, na ikidondokea tangi la mafuta inabandua rangi.

Sasa vile vipimo viwili. Kile kidogo ni cha anayemwaga kupitia skrubu ya chini, kile kikubwa ni cha anayefungua shokapu yote na kuikausha. Tofauti yao, mara nyingi sentimita za ujazo 15 hadi 25, ni ile oili inayong'ang'ania kwenye kuta, kwenye springi na chini ya tundu la kumwagia. Wewe unamwaga kwa skrubu, basi fuata kidogo. Sentimita moja ya ujazo ni mililita moja, hivyo bomba kubwa la sindano la dukani litakutosha. Wenye pikipiki za Kiingereza na vitabu vya painti wajue kwamba theluthi moja ya painti ya Uingereza ni mililita 190 hivi, na kwamba aunsi ya maji ya Uingereza ni mililita 28.4 lakini ya Marekani ni 29.6.

Usiongeze "kidogo cha baraka". Juu ya oili kuna hewa iliyofungiwa, na hiyo hewa ni springi ya pili. Ukiwa na nguzo ya hewa ya sentimita 30, shokapu ikaibana hadi 15, shinikizo lake limeongezeka mara mbili. Punguza hewa kwa kujaza oili, na mbano huohuo utapandisha shinikizo mara tatu au nne, mpaka shokapu inakuwa ngumu kama chuma mwishoni na sili zinasukumwa nje. Kwa wanaojua wanachofanya, hii ni njia nzuri ya kurekebisha: kupandisha oili milimita 5 au 10 hukaza sehemu ya mwisho ya mwendo bila kugusa mwanzo. Lakini hiyo hufanywa kwa kupima kimo, springi ikiwa nje na shokapu imebanwa hadi mwisho, kutoka ukingo wa juu wa bomba mpaka usawa wa oili. Kimo ni kipimo bora kuliko ujazo, kwa sababu hakijali ni oili kiasi gani ilibaki ndani. Kama kitabu chako kinakitaja, kitumie kuthibitisha.

Haya, kazi yenyewe. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati juu ya sakafu ngumu, weka jeki na kipande cha ubao chini ya injini au fremu, na unyanyue mpaka gurudumu la mbele liache sakafu. Hakikisha haiyumbi. Springi za mbele ndizo zinazoishikilia pikipiki juu. Ukifungua vifuniko viwili vya juu gurudumu likiwa sakafuni, mbele yote itakaa chini kwa mkupuo. Funika tangi kwa blanketi. Funga plastiki kwenye diski na pedi zako za kushoto, usiseme utakuwa mwangalifu tu.

Juu, kabla ya kugusa kifuniko chenyewe, legeza bolti inayobana kibano cha juu, kile kipande kinachoshikilia mabomba yote mawili karibu na usukani, kwenye bomba. Watu wengi wanasahau hiyo, wanapambana na kifuniko kilichobanwa pande zote, wanakiviringisha pembe, kisha wanalaumu kutu. Ikishalegea, kifuniko kinatoka bila vita. Zungusha ukikisukuma chini kwa kiganja muda wote, maana chini yake kuna springi iliyobanwa na nyuzi za mwisho zikiachia kinaweza kuruka. Usikiinamie uso. Kama una pikipiki ya mwisho wa miaka ya 1970 au ya 1980 yenye valvu ndogo ya hewa juu ya kifuniko, kama ya tairi, toa hewa kwanza; yako ya 1976 huenda haina, ila tazama. Vuta springi, ifute, na andika ni upande upi ulikuwa juu, kwa sababu nyingine zina mizunguko iliyobanana upande mmoja.

Chini ya kila mguu, nyuma au pembeni, kuna skrubu ndogo yenye washa. Hiyo ndiyo ya kumwagia. Ile bolti iliyojificha katikati ya kitako, inayotazama chini kabisa, siyo. Hiyo ndiyo iliyoshika lile bomba jembamba la matundu, na ukiilegeza bomba litazunguka nayo bila kukaza wala kufunguka, na kazi ya saa moja itageuka kuwa ya kufungua shokapu nzima. Kama skrubu ya kumwagia ni ya nyota na ina kinukta kidogo kichwani, ni ya kiwango cha Kijapani na bisibisi ya kawaida ya nyota itaipangusa. Tafuta inayoikaa sawasawa, igonge kwa nyundo mara moja kabla ya kuzungusha.

Weka chombo, toa skrubu, na uanze kunyanyua gurudumu kwa mikono juu na chini, taratibu. Nasema taratibu kwa sababu ukiharakisha, oili itatoka kwenye katundu hako kama mshale na kufika mbali kuliko unavyodhani. Jiandae na harufu. Oili ya shokapu iliyokaa miaka mingi hunuka kama samaki aliyeoza, na nguo itakayodondokewa haitaingia tena sebuleni.

Hapa ndipo ninapotaka utulie kuliko mahali pengine pote. Kinga oili ya kila mguu kwenye chupa yake, angavu, uiache ituame usiku kucha. Ya kijivu iliyokolea, inayong'aa kidogo ukiitikisa, ni vumbi la aluminiamu kutoka kwenye kuta za bomba la chini. Kiasi chake ni kawaida kwa pikipiki ya umri huo. Vipande vinavyoonekana kwa macho, hasa vya rangi ya shaba, si kawaida, vinasema bushi, yaani pete ambazo mabomba huteleza juu yake, zimelika. Nyeupe kama chai ya maziwa, au tabaka la maji chini ya chupa, ni unyevu ulioingia au ulioganda ndani wakati wa kukaa stoo, na maji yaliyokaa chini huanzisha kutu kwenye mwisho wa springi. Na linganisha ujazo: ukitoa mililita 150 kushoto na 90 kulia, umeshajua ile alama ya oili ya kulia imekuwa ikifanya nini.

Baada ya kumwaga, wengi husukutua kwa petroli au mafuta ya taa. Sipendi. Kinachobaki ndani kitachujua oili yako mpya, na kwa shokapu isiyofunguliwa huwezi kukausha. Mimina mililita 100 za oili mpya ya bei nafuu, pampu mara kadhaa, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Halafu rudisha skrubu na washa mpya. Ni bolti nyembamba ndani ya aluminiamu, ikaze kwa spana fupi kwa nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega.

Jaza kwa kipimo, miguu yote miwili sawasawa, springi zikiwa nje. Nyanyua na kushusha gurudumu mara kumi hivi ili oili ijaze bomba la ndani na hewa itoke; mwanzoni utahisi ulegevu, kisha ukinzani laini. Acha viputo vipande kwa dakika chache, ndipo upime kimo. Rudisha springi, na vifuniko vianze kwa vidole. Nyuzi zake ni nyembamba na ukivipachika mshazari umeziua. Kama springi inakushinda, mwite mtu akusaidie kusukuma wakati wewe unazungusha. Kaza vifuniko kwanza, bolti za vibano baadaye.

Turudi kwenye breki. Kabla hujanunua chochote, pima springi. Funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kuzunguka bomba la kromu mpaka igusane na kifuniko cha vumbi. Jeki ikiwa bado imenyanyua mbele na shokapu imenyooka yote, isukume chini ikae sawa, kisha shusha pikipiki, kaa juu yake kwa uzito wako wote, shuka pole, nyanyua tena. Umbali ambao kamba imesogea ni kiasi ambacho springi imekubali chini ya uzito wako. Kwa kawaida kinatakiwa kuwa robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kwa shokapu yenye mwendo wa milimita 140, ni kama 35 hadi 45. Ukipata 60, springi zimechoka, na hakuna oili itakayokurudishia hizo sentimita. Vitabu vingi vinataja pia urefu wa chini unaoruhusiwa kwa springi iliyo nje. Ipime ukiwa umeitoa. Kuongeza washa au kipande cha bomba juu ya springi kutainyanyua mbele kwa muda na sikukatazi, lakini hakubadilishi ugumu wa springi, na ukizidisha, mizunguko itagusana kabla ya shokapu kufika mwisho. Springi mpya ndiyo dawa, na kati ya vyote nilivyotaja hapa ndiyo ningeitolea hela kwanza.

Mlio wa "ko!" unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Oili ikiwa imepungua, shokapu inagonga mwisho wa mwendo wake, na hilo litaisha. Lakini beringi za usukani zilizolegea hutoa mlio unaofanana sana. Mbele ikiwa imenyanyuliwa, shika miguu ya shokapu kwa chini, ivute na kuisukuma kuelekea injini huku mwenzako ameweka kidole mahali shingo ya fremu inapokutana na kibano. Akihisi mchezo pale, tatizo si shokapu. Mchezo ukiwa kati ya bomba la juu na la chini, ni bushi.

Na ile alama ya kulia. Unyevu mwembamba usiodondosha, unaoweza kuufuta ukakaa wiki, nauvumilia. Duara linalorudi kila safari ni sili inayopitisha. Wakati mwingine ni uchafu tu ulionasa kwenye mdomo wa sili, na kipande chembamba cha plastiki laini kikipitishwa kwa uangalifu huutoa. Mara nyingi zaidi, kwa mpira wa miaka karibu 50, sili imekauka, na kuibadilisha ni lazima shokapu ifunguliwe. Una bahati kwamba diski yako iko kushoto, hivyo una muda wa kupanga. Ingekuwa inavuja upande wa diski ningekuambia usiiendeshe kabisa, maana pedi zilizolowa oili haziokolewi kwa kusafishwa, zinatupwa.

Kwa hali yako mimi ningemwaga kwa skrubu sasa, niangalie chupa mbili, nipime springi, niendeshe pole pole kwa siku chache. Ikiwa oili ya kulia inarudi kutoka, ndipo ningefungua miguu yote miwili, sili mpya pande zote, na hapo nitumie kile kipimo kikubwa cha kitabu. Wapo watakaokuambia ufungue yote mara moja ili umalize. Hawajakosea, hasa kama una vifaa, lakini kwa mtu wa mara ya kwanza napendelea ajue kwanza kilichomo ndani. Baadaye, vitabu vingi vya zama hizo vinataka oili ibadilishwe kila kilomita 10,000 hadi 20,000. Kwa pikipiki inayotembea kidogo, hesabu miaka miwili badala ya kilomita.

Yapo ambayo ningetaka fundi ayaone kwa macho. Pitisha ukucha juu ya kromu, kwenye ile sehemu inayoingia na kutoka kwenye sili: ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya itakatwa ndani ya muda mfupi, na bomba linahitaji kupakwa kromu upya au kubadilishwa. Bomba lililopinda, ambalo hujulikana kwa shokapu kunata katikati ya mwendo, lisinyooshwe nyumbani. Bushi zilizolika, beringi za usukani, skrubu ya kumwagia iliyokatikia ndani, ile bolti ya kitako ikianza kuzunguka bure: yote hayo yanahitaji vifaa maalumu na mkono uliozoea. Ukienda, mpelekee fundi kitabu chako, kopo la oili uliyonunua, na zile chupa mbili zenye oili chakavu, ukiwa umeandika juu yake ipi ni ya kulia na ipi ya kushoto. Akimaliza kuzitazama, mwachie azipeleke panapopokelewa oili chafu, usizimwage mtaroni.